Mwaka 1977: Habari Tano Zilizoingia Nyumbani Arusha

Ndugu msomaji, ipo miaka ambayo habari kubwa ni moja tu, na ipo ambayo habari hugombea nafasi ya kwanza. Kwa wakazi wa Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, mwaka 1977 ulikuwa wa namna hiyo ya pili. Nimezipanga habari zake tano kwa mizani moja: ni ipi iliyoingia zaidi nyumbani kwa mfanyakazi wa mji huu?

Ya tano ni ya Februari 13, Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli, alipopewa uwaziri mkuu. Ilikuwa fahari kwa jirani zake, lakini fahari haijazi chungu.

Ya nne ni kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi, Februari 5, TANU na Afro-Shirazi zilipoungana. Kwa mizani ya taifa ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Kwa mizani ya jikoni, mwanachama alibadili kadi, na kesho yake akaamkia kazi ile ile.

Ya tatu ni elimu ya msingi kwa wote. Lengo lililowekwa Musoma mwaka 1974 lilitakiwa litimie Novemba 1977. Watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe waliandikishwa shule kwa wingi. Habari hiyo iliingia kila nyumba, ila matunda yake yalihitaji miaka kuiva.

Ya pili ni kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwezi Februari. Namanga ni mwendo wa kilomita 110 hivi tu kutoka Arusha. Watalii waliozoea kuja kwa magari kutoka Nairobi walikatika, na wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wakatengwa nao. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Ya kwanza, ndugu msomaji, ni kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juni 30 ilipita bila bajeti mpya kupitishwa, na chombo kilichoanza kazi Desemba 1967 kikafa. Arusha ndiyo iliyokuwa makao makuu yake. Makarani na wataalamu kutoka Kenya na Uganda walifunga mizigo. Mwenye nyumba alipoteza mpangaji, fundi cherehani mteja, na mama wa Tengeru mnunuzi wa ndizi zake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hapa zilikuwa mji mzima.

Naiweka juu pia kwa sababu ilichukua muda mrefu kurekebishwa. Majengo yalipewa kazi mpya mwaka 1978, kilipoundwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano. Mkataba wa kugawana mali ulitiwa saini Mei 1984, na ule wa kuifufua Jumuiya Novemba 30, 1999, yote miwili papa hapa Arusha. Miaka 22 ilipita. Karani aliyeachishwa akiwa kijana alikuwa amekaribia kustaafu.

Huenda wewe ungepanga vingine, na ukaipa elimu au Chama nafasi ya kwanza. Ni haki yako. Ila mwisho wa mwaka huu, unapozipanga habari zako, usitazame ukubwa wa herufi gazetini peke yake. Tazama nani alifunga mizigo, na nani aliyebaki na chumba kitupu.