Dai Lililofichwa: Juu ya Kuchambua Hoja za Maadili

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja tu ya mantiki, nayo ni kulitoa nje lile dai ambalo msemaji hakulitamka, ingawa hoja yake yote inalitegemea. Mfano wetu hautoki mbali. Wengi waliopita katika vyuo vyetu tangu miaka ya 1990, mishahara ilipokuwa ikikosekana kwa miezi mingi, wamewahi kuisikia hoja hii: "Mwalimu hajalipwa. Ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo si kosa akipokea fedha za mwanafunzi ili ampe alama za kufaulu." Wako wanaoisikia wakakasirika, na wako wanaoitika kwa huzuni. Kabla ya hayo yote, tuulize hoja yenyewe imejengwaje.

Hoja ni fungu la madai ambamo baadhi yanategemeza dai moja. Yale yanayotegemeza tuyaite madai ya msingi, na lile linalotegemezwa tuliite hitimisho. Tangu Aristotle, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, wanafunzi wa mantiki wamezoezwa kutenganisha maswali mawili: je, madai ya msingi ni ya kweli? Na je, hitimisho linatokana nayo kwa lazima? Anayesema "Samaki wote wana mbawa, kambale ni samaki, basi kambale ana mbawa" amesema uongo, lakini hoja yake imefungamana barabara. Hoja ya mwalimu wetu ina kasoro iliyo kinyume. Madai yake mawili huenda yote ni ya kweli, na mara nyingi ni ya kweli kwa uchungu, lakini hitimisho halitokani nayo. Neno "kosa" limetokeza mwishoni kama mgeni asiyepiga hodi, kwani hapo mwanzo halikutajwa popote.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aligusa jambo hili katika sehemu ya tatu ya kitabu chake A Treatise of Human Nature, iliyochapishwa mwaka 1740. Alishangaa kuona waandishi wa maadili wakieleza mambo yalivyo, halafu ghafla wakianza kusema yanavyopaswa kuwa, pasipo kuonyesha njia waliyopitia. Sisi wa Kiswahili tuna mfano mzuri wa mruko huo. Mara nyingi hoja ya mwalimu humalizwa kwa methali "Mbuzi hula urefu wa kamba yake". Kiambishi hu- kinaonyesha mazoea, kama vile -aka katika Kiswahili cha Lubumbashi, tunaposema "anakulaka". Hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kinachosema kwamba mbuzi ana haki ya kula. Methali imeeleza desturi. Msikilizaji amepokea ruhusa, na utamu wa usemi umelifunika pengo. Kuhusu ile "Article 15" inayotajwa kwa mzaha nchini mwetu, yaani "jitafutieni wenyewe", hiyo ni amri. Amri hutiiwa au huasiwa, lakini haiwi kweli wala uongo, kwa hiyo haithibitishi kitu.

Basi tulijaze pengo, tena kwa haki, tukimtafutia msemaji dai lililo bora kuliko yote anayoweza kulitumia. Jaribio la kwanza: "Kila aliyenyimwa haki yake anaweza kujilipa kwa yeyote aliye chini ya mamlaka yake." Sasa hoja imefungamana. Lakini dai hili tukilipokea, askari asiyelipwa anaweza kumvua mpita njia, na muuguzi anaweza kumwacha mgonjwa mpaka fedha zionekane. Mwalimu mwenyewe, akiwa njiani au hospitalini, hatalikubali. Jaribio la pili: "Mwenye kudai anaweza kujilipa kwa mdeni wake." Hili wengi wetu tungelikubali, lakini mdeni wa mwalimu si mwanafunzi, na pengine baba wa mwanafunzi huyo naye hajalipwa. Hapa ndipo ilipo shida yote ya hoja: dai lililo pana kiasi cha kubeba hitimisho ni la uongo, na dai lililo la kweli halifiki kwenye hitimisho.

Limebaki jaribio la tatu, ambalo ni zito zaidi. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki ya kufa, akichukua mali ya mwingine ili kuokoa uhai wake, hatendi wizi. Sithubutu kulicheka dai hili mbele ya mzazi ambaye watoto wamelala na njaa. Lakini tutazame kinachouzwa. Mkate unaochukuliwa na mwenye njaa unampunguzia mwenye mkate tu. Alama ni ushuhuda: inawaambia watu wengine kwamba fulani anajua. Mgonjwa atakayetibiwa na daktari aliyenunua alama hakuwapo katika mapatano, na dhiki ya mwalimu haikumpa ruhusa ya kusema uongo kwa hasara ya mgonjwa huyo. Ndiyo sababu michango ya wazazi, iliyowalisha walimu wa shule zetu kwa miaka mingi kabla ya serikali kuirudisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, ni jambo jingine kabisa. Mchango unaweza kuwa mzigo, hata mzigo wa dhuluma kwa maskini, lakini hausemi uongo juu ya ujuzi wa mtoto.

Mtu akijibu, "Hata wewe unayeandika ulipokea", amesema jambo linaloweza kuniaibisha, lakini hajagusa hata dai moja la hoja.

Kesi iliyo ngumu kuliko hii ni ile ya silabasi, na wanafunzi wataijua mara moja. Mwalimu anauza maandiko ya somo lake. Kazi ni yake na bei inaonekana. Lakini orodha ya walionunua inahifadhiwa, na asiyenunua ana sababu ya kuogopa mtihani. Je, fedha zile ni bei ya karatasi au bei ya alama? Anayetaka kuichambua aanze kwa kuuliza kitakachotokea kwa mwanafunzi aliyeazima nakala ya mwenzake, akaisoma yote, akajibu sawasawa.