Mcheza Dansi Anapokwenda Usaili Ng'ambo

Usaili wa dansi ng'ambo kwa kawaida huanzia darasani, si jukwaani. Kijana hubandikwa namba kifuani, akafanya mazoezi na wenzake huku walimu wakimtazama kimya: anavyosimama, anavyotua baada ya kuruka na, kubwa zaidi, anavyopokea sahihisho.

Joel Kioko, Mkenya aliyekulia mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alianza baleti katika darasa la shule lisilo na kioo, madawati yakiwa yametolewa nje. Baadaye alisoma Marekani, kisha English National Ballet School, London. Kipaji anacho, lakini nyuma yake walikuwapo walimu wa Dance Centre Kenya na ufadhili.

Kwa kijana wa Mjimwema, Njombe, Tanzania, mlango wa karibu ni TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilichoanzishwa 1981. Nje ya nchi ipo École des Sables, Senegali, shule ya dansi iliyoanzishwa na mcheza dansi Germaine Acogny, inayopokea wachezaji kutoka Afrika nzima. Maombi mengi hutaka video: mwili wote uonekane, pasiwe na madoido. Pasipoti na viza zishughulikiwe mapema.

Mzazi, anayemwita mwanao kucheza ng'ambo bila mkataba, tena akitaka kumshikia pasipoti, mkatalie.