Wazazi Wazima, Mtoto Ana Selimundu: Je, Nasaba Itiwe Shaka?

Shukrani zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ametujia baba mmoja, talaka iko mdomoni. Mwanawe ameonekana ana selimundu, ilhali yeye na mkewe ni wazima. Anasema mtoto si damu yake.

Ndugu zetu, tuyafahamu kwanza maradhi yenyewe. Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye jeni moja tu yenye kasoro kwa kawaida haugui wala hajijui. Anayerithi mbili ndiye huugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi uzima wa wazazi si dalili ya zinaa.

Na baba akipimwa akaambiwa habebi selimundu? Asikimbilie kuhukumu. Huenda anabeba thalasemia, ambayo kipimo chepesi cha selimundu hakiioneshi. Ikikutana na selimundu ya mama, mtoto huugua vilevile. Arudi kwa daktari apimwe kwa ukamilifu.

Katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, bedui alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimuuliza kuhusu rangi za ngamia wake, mpaka akakiri mwenyewe kwamba huenda ni asili ya mbali iliyomvuta ngamia wa kijivu. Akamfahamisha kuwa na mwanawe huenda ni hivyo hivyo, wala hakumruhusu kumkana.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume. Njia ya kisharia ya kumkana ni liani, iliyotajwa katika Suratun-Nur, nayo haifanywi kwa dhana. Baraza la Fiqhi la Makka liliamua mwaka 2002 kwamba hata kipimo cha vinasaba hakitangulizwi mbele ya liani. Na anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya ushahidi, adhabu yake ni mijeledi 80.

Baba huyo na mkewe walipimwa; wote wawili ni wabebaji. Tulimnasihi amuombe radhi mkewe, na amshughulikie mtoto kwa matibabu. Nanyi vijana, pimeni kabla ya kuoa.

Wallahu aalam.