Jalada Likishatoka Kituoni

Tuchukue ugomvi wa kawaida. Ni kata ya Bendera, wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare. Usiku mtu amegeuza maji ya mfereji kabla ya zamu yake. Asubuhi majirani wawili wanakutana shambani, maneno yanazidi, mmoja anamzaba mwenzake kofi. Polisi wakifika watamkamata, watachukua maelezo, watapeleleza. Safari ya jalada la kesi kutoka hapo ni ndefu, na mikono litakayopitia ndiyo ajira ambazo vijana wengi waliosomea sheria, sosholojia au kriminolojia hawaziwazi. Wazazi nao wanachangia: mtoto akisema anasoma mambo ya uhalifu, wanamwona tayari na kirungu mkononi.

Zamani hata kushtaki mahakamani ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya polisi. Sheria ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mwaka 2008 ilishika njia nyingine: anayepeleleza asiwe ndiye anayeshtaki. Anayetaka kuwa mwendesha mashtaka ajiandae kwa shahada ya sheria, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Asiye na uwezo wa safari hiyo ndefu aangalie Lushoto, kule Usambara, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako watu husoma sheria kwa ngazi ya cheti na stashahada. Karani wa mahakama anayetunza majalada vizuri huokoa kesi nyingi, ingawa hakuna anayempigia makofi.

Ila kazi ninayoipigia debe mimi ni ya afisa uangalizi, ambaye wengi humwita afisa probesheni. Yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi lakini si askari. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, kumwacha mkosaji atumikie adhabu nje ya gereza kwa kufanya kazi za umma bila malipo. Kabla hakimu hajaamua, afisa huyu huenda kijijini. Anazungumza na mama wa mkosaji, mwenyekiti wa kitongoji, hata aliyepigwa. Anauliza: nyumbani nani anamtegemea? Ni mara yake ya kwanza? Majirani watakubali abaki hapa? Kisha anaandika taarifa. Aliyezoea kukaa na wazee na kusikiliza hadi mwisho ataiweza kazi hii kuliko mwenye alama za juu asiye na subira. Na tusidanganyane: kutembelea vijiji vya milimani ni kazi ya nauli, bodaboda na viatu.

Kama aliyezaba kofi hajatimiza miaka 18, mambo yanabadilika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamleta afisa ustawi wa jamii, mwajiriwa wa halmashauri, na taarifa yake hubeba uzito mkubwa mahakamani. Na kama mzizi wa ugomvi ni mpaka wa shamba, msaidizi wa kisheria anaweza kuwaelekeza wahusika kwenye usuluhishi wa baraza la kata kabla hawajauza mbuzi kulipia kesi. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili, na mashirika wanayofanyia kazi hutegemea sana wafadhili, kwa hiyo uliza kwanza mkataba ni wa muda gani.

Same ina jambo lake jingine: mirungi. Hulimwa huko juu milimani; nchini Kenya ni zao halali, Tanzania ni dawa ya kulevya. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huendesha operesheni za kuing'oa, lakini pia inahitaji watu wa kutoa elimu kwa wakulima. Vielelezo vinavyokamatwa huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na huko mwenye shahada ya kemia ndiye mwenye nafasi. Nje ya ofisi za serikali, benki nazo huajiri wachunguzi wa miamala yenye mashaka.

Nafasi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa mtandaoni. Usitafute neno "uhalifu" kwenye tangazo, hutaliona. Tafuta uangalizi, ustawi, kumbukumbu, uchunguzi.

Na yule wa kofi? Huenda hakimu akamwagiza azibue mfereji wa kijiji, uleule, na siku ya kwanza akamkuta afisa uangalizi amefika kabla yake, daftari mkononi.