Kwaresima pwani: Mla samaki akiacha nyama, ametoa sadaka gani?

KILA ifikapo Jumatano ya Majivu, muumini hupakwa majivu katika paji la uso na kukumbushwa kwamba yeye ni mavumbi. Tangu siku hiyo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na wengine wanaofuata kalenda ya kale ya Kanisa huingia katika Kwaresima, majira ya kuiandaa mioyo kwa ajili ya Pasaka kwa njia tatu zinazotajwa tangu zamani: sala, kufunga na sadaka.

Watu wengi huzichukua njia hizo kana kwamba kila moja inajitegemea. Anayefunga hufunga, anayetoa hutoa, na anayesali huhesabu rozari zake. Ukizitazama ukiwa mahali kama Tingi, wilayani Kilwa, utaona kwa nini mgawanyo huo haufai.

Tingi ni kata iliyopo kaskazini mwa wilaya hiyo, kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi. Hapo ndipo huchepuka barabara ya Kipatimu, mwendo wa kilometa 50 hivi kuelekea milima ya Matumbi, ambako ipo misheni ya Kikatoliki yenye hospitali. Wakazi wengi wa ukanda huu ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na miongoni mwao wamo walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliohamia kutoka mikoa mingine. Kitoweo cha kila siku ni samaki, kwani bahari ya Somanga haipo mbali.

Sasa itazame sheria. Kwa Wakatoliki, siku za lazima za kufunga ni mbili tu, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Zinawahusu wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, nao huruhusiwa mlo mmoja kamili na kula kidogo mara mbili. Aliyetimiza miaka 14 anatakiwa pia kujinyima nyama siku hizo na kila Ijumaa ya Kwaresima. Samaki hakatazwi.

Hapo ndipo penye mushkeli. Mkazi wa Dodoma au Arusha aliyezoea nyama choma, akiiacha Ijumaa, tumbo lake litajua kuna kitu kimepungua. Lakini mkazi wa pwani anayekula changu wa nazi Jumatatu hadi Alhamisi, akila changu huyohuyo siku ya Ijumaa, ameitimiza sheria bila kupoteza hata senti. Nasi wa mjini tusijitoe katika hesabu hiyo: yupo anayejinyima mishikaki ya shilingi elfu mbili kisha akaagiza sahani ya kamba yenye bei mara kumi ya hiyo, na dhamiri yake ikabaki imetulia.

Maandiko yana kisa kinachogusa jambo hili moja kwa moja. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, taifa limepigwa na tauni na Mfalme Daudi anatakiwa kujenga madhabahu katika uwanja wa kupuria wa Arauna, Myebusi. Arauna anataka kumpa vyote bure: uwanja, ng'ombe wa kuteketezwa na hata kuni. Mfalme anakataa. Hawezi kumtolea Mungu wake kitu ambacho hakikumgharimu chochote. Analipa shekeli 50 za fedha, ndipo anatoa sadaka.

Kwa kipimo cha Daudi, swali la Kwaresima linabadilika. Muumini haulizwi tena ameacha chakula gani, anaulizwa kimemgharimu nini na gharama hiyo imemfikia nani. Sheria ya Kanisa yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana inayapa mabaraza ya maaskofu uwezo wa kuweka aina nyingine za toba, hususan matendo ya huruma, badala ya kuacha nyama. Kwa mtu wa pwani toba inaweza kuwa bia ya jioni, sigara, soda au vocha ya kupigia soga zisizo na mwisho. Anayeokoa shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku 40 bila kuhesabu Jumapili, anakuwa na shilingi 40,000 ifikapo Pasaka. Fedha hizo zikibaki mfukoni, huo umekuwa ubanaji wa matumizi tu. Nchini Kenya maaskofu wamelipa jambo hili sura ya kitaifa kwa Kampeni ya Kwaresima ya kila mwaka, yenye mafundisho ya kila juma na sadaka inayokusanywa kwa ajili ya wahitaji.

Lipo jambo la pili, na ardhi hii inalijua kuliko wengi wetu. Kufunga ni njaa ya hiari. Mgonjwa, mjamzito, mwenye kazi nzito na fukara asiye na uhakika wa mlo hawabanwi na sheria ya kufunga. Na Kwaresima huangukia wakati mgumu kwa mkulima: masika yanaanza, mazao mapya yangali shambani na akiba ya mwaka uliopita inakwisha.

Katika milima hiyohiyo ya Matumbi, huko Nandete, ndiko vilikoanzia Vita vya Maji Maji mwezi Julai 1905. Mwezi uliofuata Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeteremka meli Kilwa akielekea Peramiho, aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wamisionari huwakumbuka kama mashahidi wa imani. Lakini majeshi ya Wajerumani yalijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Njaa ile haikuwa toba ya mtu yeyote. Kwa hiyo kumhubiria mtu mwenye chungu kitupu afunge ni kumtwisha mzigo usio wake; aliyeshiba ndiye wa kufunga, ili chungu cha jirani kipate unga.

Jirani huyo, kwa Mkristo wa Tingi, aghalabu ni Mwislamu. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na Pasaka haitoki kati ya Machi 22 na Aprili 25, hivyo mifungo hii hukutana kwa majira. Pasaka ya Aprili 9, 2023 na ile ya Machi 31, 2024 ziliangukia ndani ya Ramadhani. Katika kalenda ya 2026 Jumatano ya Majivu ni Februari 18, juma lilelile la mwandamo wa mwezi wa Ramadhani. Miaka ya namna hiyo Mkristo huwa na fundisho mlango wa pili: mtu asiyekunywa hata maji tangu alfajiri, na ambaye futari yake hupelekwa pia kwa asiye nayo.

Juma Kuu lina gharama zake. Padri mmoja huhudumia vigango vingi, na hawezi kuwa pote usiku mmoja. Anayetaka Mkesha wa Pasaka, usiku wa moto mpya, mshumaa mkubwa na ubatizo wa wakatekumeni, hana budi kuifuata parokia, kwa nauli na mara nyingi kwa matope. Mvua za ukanda huu si za mzaha. Mei 2024 zile zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu eneo la Somanga na kuwakwamisha wasafiri. Wasioweza safari hubaki kigangoni na katekista, anayewasomea Injili ya ufufuko asubuhi ya Jumapili. Wengine humpata padri Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo watu wa mijini tunakuwa tumelala mapumzikoni.