Nyuzi za DNA Zinazosaka Viuatilifu Kwenye Maziwa

Viuatilifu huingia kwenye maziwa hasa kupitia malisho yaliyopuliziwa dawa na kupitia dawa ya kupe anayoogeshwa ng'ombe. Vile vinavyoyeyuka katika mafuta, kama DDT, hujikusanya mwilini na kutoka kidogo kidogo kila ng'ombe anapokamuliwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini DDT hubaki. Laktomita na kipimo cha spiriti vinavyotumika kwenye vituo vya kukusanyia maziwa hufichua maji yaliyoongezwa na maziwa yaliyoanza kuchacha, si dawa.

Kipimo cha kutegemewa ni kromatografia, mbinu ya maabara ya kutenganisha kemikali, ambayo ni sahihi lakini ghali. Mara nyingi majibu hutoka maziwa yakiwa yameshanywewa. Ndiyo sababu watafiti wamegeukia aptama, yaani nyuzi fupi za DNA au RNA zinazojikunja na kunasa molekuli maalumu. Mbinu ya kuzipata ilitangazwa mwaka 1990 nchini Marekani na makundi mawili, la Craig Tuerk na Larry Gold, na la Andrew Ellington na Jack Szostak, yakianza na RNA. Matrilioni ya nyuzi za kubahatisha huchanganywa na dawa inayosakwa, tuseme malathioni. Zinazoishika huhifadhiwa, hunakiliwa na kujaribiwa tena na tena, hadi zibaki hodari peke yake.

Katika aina moja ya kihisio kinachotumia aptama, uzi hufungwa rangi ya fluoresini, ambayo ikimulikwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Uzi ukilala juu ya utando wa oksaidi ya grafini, mng'ao huzimwa. Malathioni ikiwepo, uzi huikumbatia, hubanduka kwenye utando na kuanza kung'aa. Dawa ikizidi, mng'ao nao huzidi.

Ugumu hasa uko kwenye maziwa yenyewe. Matone ya mafuta hutawanya mwanga, na protini zaweza kuubandua uzi hata pasipo dawa, kihisio kikatoa jibu la uongo. Kwa hiyo protini ya kaseini hugandishwa kwanza kwa asidi, sampuli huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, kisha hupimwa maji angavu yanayobaki. Hapo napo pana hatari: dawa inayopenda mafuta yaweza kutupwa pamoja na mafuta, hivyo hulazimu kuitoa kwanza kwa kiyeyushi.

Kiasi kinachosakwa ni kidogo mno. Umoja wa Ulaya, kwa dawa isiyowekewa kiwango chake, huruhusu miligramu 0.01 kwa kilo, sawa na gramu moja katika tani 100.

Tena uzi uliochaguliwa kwa malathioni hauwezi kutegemewa kuonyesha dawa nyingine, kama sipamethrini. Kihisio kisipong'aa, kimejibu kuhusu dawa moja tu. Na kiking'aa, sampuli hiyo bado inapaswa kuthibitishwa maabara.