Fremu kuukuu ya friraidi: Tazama nyufa kabla ya kutazama jina

Na MWANDISHI WETU

ANAYENUNUA fremu ya baiskeli iliyokwisha kutumika hununua pia mambo asiyoyaona: mawe iliyoyagonga, miruko iliyotua vibaya na maanguko ambayo muuzaji hakuyataja.

Kwa mwendeshaji wa kawaida, kosa katika ununuzi huo humpotezea fedha tu. Kwa anayejifunza friraidi, kosa lilo hilo laweza kumvunja shingo.

Friraidi ni mtindo wa kuteremka milima kwa baiskeli huku mwendeshaji akiruka kutoka juu ya majabali, madaraja ya mbao na matuta ya udongo. Ulipata umaarufu katika jimbo la British Columbia, Kanada, miaka ya 1990. Mashindano ya kwanza ya Red Bull Rampage yalifanyika mwaka 2001 katika jimbo la Utah, Marekani, na mshindi akawa Wade Simmons wa Kanada.

Baiskeli za mchezo huu zina shokabzoba mbele na nyuma. Ile ya nyuma hufungwa ndani ya fremu, ambayo sehemu yake ya nyuma huzunguka kwenye beringi ili gurudumu lipande na kushuka linapogonga kitu.

Urefu wa kupanda na kushuka huko ndio huwapotosha wengi. Hudhani kuwa fremu yenye milimita 200, kama za mashindano ya mteremko, itawasamehe kila kosa. La hasha! Fremu hiyo ni nzito, hugeuka polepole na ni taabu kuipandisha mlima. Milimita 150 hadi 180 zamtosha anayeanza.

Anayezunguka katika msitu wa Karura jijini Nairobi, au Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hana haja hata ya hizo. Baiskeli yenye shokabzoba ya mbele pekee yamfaa.

Ukaguzi uanze na nyufa. Fremu nyingi za zamani za friraidi ni za aluminiamu, madini ambayo huchoka kidogo kidogo kila yanapobeba mzigo. Uchovu huo haupungui. Hujilimbikiza hadi siku fremu inapopasuka.

Osha fremu, ikaushe, kisha uimulike kwa tochi. Tazama pale mabomba yalipounganishwa kwa kulehemu: kwenye shingo ya usukani, karibu na ekseli ya pedali na mahali shokabzoba inapofungwa. Rangi iliyokunjamana chini ya bomba, nyuma tu ya shingo, ni dalili kuwa baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Rangi mpya juu ya fremu ya zamani nayo iulizwe inaficha nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fremu hii, hata kuziba ufa hakufai. Aluminiamu ya aina ya 6061 hupata nguvu zake kwa kutiwa joto maalumu kiwandani. Fundi akiilehemu, sehemu iliyo kando ya kiungo hulainika, na bila kurudiwa kwa joto hilo yaweza kuvunjika tena. Ukiona ufa, aga na uondoke.

Baada ya hapo, shika sehemu ya nyuma ya fremu uitikise upande kwa upande. Ikicheza, huenda beringi zimekwisha. Hizo hubadilishwa, nawe una sababu ya kupunguziwa bei. Lakini matundu yanamokaa beringi yakiwa yamepanuka, fremu hiyo haina thamani tena.

Shokabzoba isivuje mafuta, wala fimbo yake isiwe na mikwaruzo. Uketipo, ibonyee takriban asilimia 30 ya mwendo wake. Ikiwa ni ya springi ya chuma na haibonyei hivyo, utahitaji springi nyingine inayolingana na uzito wako.

Mtego mwingine umo katika vipimo. Hadi mapema miaka ya 2010, baiskeli nyingi za milimani zilitumia magurudumu ya inchi 26. Siku hizi yaliyoenea ni ya inchi 27.5 na 29. Ekseli za nyuma nazo zimebadilika: kuna za milimita 135, 142, 148 na 150. Shingo ya usukani yaweza kuwa ya inchi moja na moja ya nane, inchi moja na nusu, au nyembamba juu na pana chini.

Kwa hivyo, fremu ya bei nafuu yaweza kukulazimu kununua magurudumu na uma wa mbele usiopatikana kwa urahisi. Jumlisha gharama zote kabla ya kulipa. Mara nyingi baiskeli nzima iliyotumika huwa nafuu kuliko fremu inayoundwa upya kipande kwa kipande.

Hatimaye, tafuta namba ya fremu, ambayo kwa kawaida huchongwa chini ya ekseli ya pedali, na uitishe risiti. Namba ikiwa imefutwa kwa tupa, usinunue. Huenda ni mali ya wizi.

Fremu isiyo na sifa kubwa lakini nzima, ambayo vipuri vyake vingali vinauzwa, ni bora kuliko yenye jina kubwa na ufa mdogo.